Upande wa Mgeni Rasmi

Inspekta hakupenda ngazi, na ile aliyoletewa na watu wa manispaa ilikuwa na mguu mmoja uliofungwa kwa waya. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuhusu mtaka cha begani kwa sanamu hawakuacha neno, kwa hiyo yeye alijipandia tu, mkono mmoja ngazini na mwingine umeshika msumari. Chini yake mkuu wa kituo alikuwa akitazama saa, kisha mawingu, kisha saa tena.

Sanamu yenyewe ilikuwa ya mwanamke wa marumaru aliyenyoosha mkono kuelekea barabara kuu, kama anayekaribisha wageni mjini. Mwanzoni mwa wiki mkono ule ulikatika begani ukamwangukia mpiga picha aliyekuwa akiwapanga maharusi chini yake. Maharusi waliambulia vumbi kwenye nguo. Mpiga picha alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika.

Kabla jua halijazama siku ile, polisi walikuwa wamemtia ndani fundi betri, mzee mmoja mkorofi mwenye meza yake ya kazi hatua chache kutoka kwenye sanamu. Mtu wa asidi, karibu na jiwe lililoliwa: nani angehangaika kutafuta mwingine? Tena muuza magazeti alimwona akimwaga maji ya betri pale chini, na uwanja mzima ulimsikia akigombana na marehemu na kumwambia kwamba iko siku jiwe lile litamwangukia kichwani. Kwa mkuu wa kituo kesi ilikuwa imeiva, ilibaki kupakua tu. Baada ya chakula cha mchana fundi angepelekwa mahakamani kusomewa shitaka la mauaji.

Inspekta alijua kwamba shitaka la mauaji likishasomwa, hata likija kufutwa, mtu harudi mtaani akiwa yule yule. Alikuwa na asubuhi hiyo tu.

Kituoni walimwita Polepole, nyuma ya mgongo wake, maana hakuna aliyewahi kumwona mwanamke yule akikimbia. Alilijua jina hilo na hakulichukia. Lakini leo moyo wake ulikwenda mbio kuliko miguu, na kwa jambo jingine kabisa: binti yake alikuwa hospitali, uzazi wa kwanza, uchungu umeanza tangu alfajiri. Mama mzazi wa Inspekta alikuwa kule akisubiri, na alikwisha piga simu kumweleza kwamba amepata nafasi nzuri kwenye benchi la mlangoni, pale pale ambapo wakunga hutoa watoto kuwaonyesha ndugu. Aliongeza kwamba mvua inakuja, na mtoto anayezaliwa na mvua ana baraka zake. Inspekta alimwambia sawa mama, akaitia simu mfukoni, na tangu hapo alikuwa akiipapasa kila mara kuona kama imetetemeka.

Aliuweka msumari kwenye jeraha la bega, akausukuma kwa kidole gumba. Uliingia. Hakuupiga wala hakuukandamiza kwa nguvu, uliingia kama unaingia kwenye donge la sukari, na unga mweupe ukamwagika hadi kwenye kofia ya mkuu wa kituo. Katikati ya jiwe ilichungulia nondo, imevimba kwa kutu kama mguu wenye jipu.

Kilichomshughulisha zaidi ni rangi. Ukingo wa bega ulikuwa na ngozi ya rangi nyeupe, laini, inayong'aa, haina baka. Chini ya rangi kulikuwa na tabaka la lipu, na chini ya lipu ndipo penye uozo. Alikata kipande chenye vyote vitatu, akakifunga kwenye karatasi.

Alishuka akazunguka nyuma ya sanamu, upande ulioelekea ukuta wa posta, ambako hakuna apitaye. Huko rangi haikufika kabisa. Jiwe lilikuwa jeusi kwa masizi, jeusi la kukwaruzika, lakini kila kitu kilichochongwa kilikuwepo: mikunjo ya nguo, misuko ya nywele, hata kucha za mkono uliobaki. Alirudi mbele. Mbele, sura ilikuwa nyeupe pe, na pua ilikuwa ya lipu.

Mwisho alipiga magoti kwenye mguu wa sanamu, pale muuza magazeti alipoelekeza. Ni kweli, kulikuwa na alama. Rangi ilikuwa imegeuka kahawia na kukunjamana, eneo la ukubwa wa sinia. Aliweka msumari, akasukuma. Msumari uliteleza.

Mkuu wa kituo alimuuliza ameona nini cha maana, maana kazi nyingine zinasubiri.

"Alipomwaga, jiwe ni zima," alisema Inspekta. "Ambapo hakumwaga ndipo palipooza. Asidi haipandi mlima, mkuu."

Mkuu alipangusa kofia yake. Akasema basi aliirusha juu, kwa kopo, usiku wakati watu wamelala. Akasema pia kwamba mahakama haitamsubiri mtu anayechoma mawe misumari, akaingia kwenye gari lake.

*

Fundi betri aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na shati lenye matundu madogo madogo, kama lililoliwa na mende. Mikono yake ilikuwa na makovu ya kazi. Alikaa bila kukaribishwa, akatazama dirisha.

Inspekta aliweka mezani vitu viwili alivyovichukua njiani: chupa ya maji ya betri kutoka kwenye meza ya fundi mwenyewe, na kile kipande cha bega. Alimwomba fundi adondoshe tone moja juu ya rangi.

Fundi alimtazama kwa muda, akitafuta mtego uko wapi. Kisha akadondosha. Rangi ilijikunja na kugeuka kahawia mbele ya macho yao, na tone lilipolifikia jiwe, povu likachemka kwa mlio wa soda inayofunguliwa. Inspekta aliacha limalize. Hakuna asidi ya chupa, alifikiri, inayoweza kupita kwenye rangi bila kuigusa ikaenda kula jiwe ndani. Rangi ya begani ilikuwa nzima. Basi jiwe lilioza kwanza, rangi ikaja baadaye.

Alimuuliza amefika lini pale uwanjani.

"Baada ya sherehe za mji. Walipobomoa vibanda vyetu kule sokoni ndipo nikahamia pale." Fundi alikohoa. "Lilikuwa limeshapakwa rangi. Linang'aa kama meno ya mwanasiasa."

"Na ulimwaga."

"Nilimwaga. Maji ya kusuuzia betri. Kila jioni, pale chini. Sitakataa nilichofanya, afande, kosa langu ni hilo."

"Na ulimwambia marehemu jiwe litamwangukia."

Hapo fundi aliacha kutazama dirisha. Alisema aliyatamka maneno hayo kwa hasira, hana haja ya kudanganya, marehemu alikuwa amemwambia meza yake inachafua picha za watu. Lakini wazo halikumjia hewani. Kila mvua iliponyesha, asubuhi yake alikuta unga mweupe juu ya meza, na mara moja kipande cha ukubwa wa karanga kilitumbukia kwenye chai yake. Alilichukia jiwe lile kwa ajili hiyo. Tangu wamkamate hajapata usingizi, alisema, maana kila akifumba macho anajisikia akiyatamka yale maneno, na anamwona yule kijana akiinama kuchukua kamera.

Inspekta aliandika jambo moja tu: kila mvua iliponyesha.

Simu ilitetemeka. Aliichomoa kwa pupa, lakini hakuwa mama yake. Alikuwa mkemia wa serikali, ambaye alipelekewa kipande cha ule mkono ulioanguka. Mkemia alikuwa mtu wa maneno machache na leo aliyaongeza. Hii si asidi ya betri, alisema. Jiwe lote la upande ule, kuanzia ngozi hadi ndani kabisa, limegeuka jasi, ule ungaunga laini wa kutengenezea chaki. Marumaru haigeuki jasi kwa kumwagiwa kopo moja. Inageuzwa kidogo kidogo, miaka na miaka.

"Na nani?" aliuliza Inspekta.

"Na mvua."

Akamweleza taratibu. Kile kiwanda cha kuyeyusha shaba hapa mjini kinachoma mawe yenye salfa. Moshi wa salfa unapanda, unachanganyika na unyevu mawinguni, unarudi chini ukiwa asidi. Ni nyepesi mno, mtu akinyeshewa hahisi kitu. Lakini jiwe la chokaa linahisi, marumaru inahisi, na bati, na majani ya miti, na samaki kwenye bwawa. Upande unaopigwa na mvua ndio unaoliwa na kuoshwa. Upande uliojificha unabaki na masizi tu. Maji yakishapenya ndani yanaozesha nondo, kutu inavimba, jiwe linapasuliwa kutoka tumboni. Na kwa huku kwetu, alisema, upepo wa mvua karibu wote unatokea kiwandani.

Inspekta alikata simu akiwa ameikumbuka nyumba ya mama yake. Paa lililobadilishwa mabati mara mbili, huku mama akilaani kwamba mabati ya siku hizi ni ya karatasi. Ile miti ya mlimani iliyokauka kuanzia juu, kama wazee wenye vipara, ambayo kila mtu alisema ina wadudu. Vyote viliangalia upande mmoja, wa kiwanda.

Alipaswa kufurahi, maana alikuwa na cha kumtoa fundi korokoroni. Badala yake alichungulia mawingu dirishani. Ikiwa fundi ndiye aliyefanya, basi mwovu ameshakamatwa na mji uko salama. Ikiwa hakufanya, aliyefanya hajaacha. Yuko juu ya kila mtu, na kwa hali ya mawingu yale, anarudi muda si mrefu.

*

Fundi rangi aliyeipaka sanamu, Inspekta alimkuta shuleni, juu ya jukwaa la mbao, akipaka ukuta wa mbele. Ukuta wa nyuma haukuguswa. Alipoona sare alishuka kabla ya kuitwa, akaanza kujitetea kabla ya kuulizwa: yeye ni mtu wa kupaka tu, mambo ya sanamu yaulizwe kwa waliomtuma.

Inspekta alimuuliza kwa nini nyuma ya sanamu hakupaka.

"Tunapaka upande wa mgeni rasmi," alisema fundi rangi. "Ndivyo kazi zote za sherehe zinavyokuwa. Anapokaa mgeni rasmi, anachokiona, ndicho kinachopakwa. Nyuma atakwenda kufanya nini?"

"Na begani, kabla ya kupaka, ulikuta nini?"

Aligeuza brashi mkononi. Macho yake yalikimbilia kwa vijana wake, ambao nao walikuwa wamepata ghafla shughuli nyingi kwenye ndoo.

"Halikuwa bega lile, afande. Ulikuwa unaweka mkono, unatoka na mchanga. Nilimwambia msimamizi. Akasema jaza lipu, sherehe ni keshokutwa." Aliirudisha brashi kwenye kopo. "Tuliambiwa ing'ae. Hatukuambiwa idumu."

Inspekta hakumgombeza. Alikuwa akiwaza jinsi kosa lile lilivyo jepesi kufanywa na mtu yeyote mwenye haraka: mvua inakula upande ule ule ambao mgeni anautazama, kwa hiyo kila mwaka palipooza zaidi ndipo palipopendezeshwa zaidi. Mji mzima ulikuwa ukitembea chini ya mapambo na kuona yanapendeza. Aliuliza swali ambalo alikuwa akiliogopa tangu kwenye simu ya mkemia. Wapi kwingine walijaza lipu?

Fundi rangi alifikiri kidogo. Kulikuwa na nguzo za maktaba, lakini pale ni ufa tu.

"Pabaya zaidi ni hospitali. Lile paa la mawe linalotokeza juu ya mlango wa wodi ya wazazi. Pale nilijaza hadi nikaogopa mwenyewe. Jiwe lake ni hili hili la sanamu, wanasema waliojenga ni walewale."

Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye kopo la rangi kati yao.

Ndani ya gari alimpigia mama yake. Simu iliita, ikaita, ikanyamaza. Akapiga hospitali, mtu wa mapokezi akamwambia asubiri, akamwacha anasikiliza muziki. Akampigia mkuu wa kituo, akamwambia mambo mawili, kwamba fundi asipelekwe mahakamani, na kwamba aje hospitali na kamba za kuzuia watu. Mkuu aliuliza kama amepagawa. Inspekta alisema huenda, lakini alete kamba.

*

Mvua ilikuwa imekolea alipofika, na kilichofanyika mlangoni pa wodi ndicho alichokiogopa njia nzima. Watu wote waliokuwa wametapakaa uani, wenye vikapu, wenye chupa za chai, wenye watoto wa kubeba, walikuwa wamekimbilia mahali pamoja pasipo na mvua. Walijibana chini ya paa la mawe, jeupe, linang'aa, zuri kuliko kitu chochote hospitalini hapo. Katikati yao, kwenye benchi, alikaa mama yake.

Inspekta alipaza sauti kuwataka watoke. Walimtazama kama anayetania. Mwanamume mmoja alimuuliza kwa upole tu watoke waende wapi, na mwanamke aliyekuwa ukingoni akajisogeza ndani zaidi.

"Mama, inuka," alisema Inspekta. "Tafadhali. Jiwe hili limeoza."

"Mwanangu, nimelikalia benchi hili tangu kumekucha. Mvua haijaniondoa, utaniondoa wewe?"

Hakuwa na muda wa kueleza habari za salfa. Alichomoa msumari mfukoni, akapanda juu ya benchi kando ya mama yake, akaupeleka kwenye ukingo wa lile paa juu ya vichwa vyao, mbele ya macho ya wote, akausukuma kwa kidole gumba. Uliingia wote hadi kichwani. Alipouchomoa, maji yalitoka kwenye tundu, meupe kama maziwa, yakamtiririkia mkononi hadi ndani ya mkono wa sare.

Kisha mama yake akaokota kikapu chake, akasimama, akatoka mvuani. Mtu mzima akishatoka, wengine watabaki vipi? Walimfuata mmoja mmoja, halafu kwa mkupuo, wakajipanga katikati ya ua huku wamejifunika nguo na mifuko, wakinung'unika. Inspekta alitoka wa mwisho. Alianza kuhesabu vichwa, akajisikia pumzi ikirudi.

Ndipo mlango wa wodi ulipofunguliwa.

Mkunga alitoka akirudi kinyumenyume, akiusukuma mlango kwa mgongo, maana mikono yake ilikuwa imejaa. Alikuwa amebeba kitu kilichoviringishwa kwa kitambaa cheupe. Alisimama chini ya jiwe, akashangaa benchi tupu, akaita jina la mama wa mtoto. Lilikuwa jina la binti yake Inspekta.

Polepole alikimbia. Waliokuwepo walisimulia baadaye kwamba hawakujua mwili ule una mbio zile. Hakupiga kelele, kwa kuogopa mkunga asije akasogea mbele. Alimvaa kwa kifua na mikono yote miwili, akamrudisha ndani pamoja na mtoto, wakaangukia ukuta wa korido. Nyuma yao kitu kilishuka kwa kishindo cha gunia lililotupwa, na vumbi jeupe likaingia pamoja nao mlangoni.

Kipande chenyewe kilikuwa cha ukubwa wa mto wa kulalia. Kilikuwa kimelikata benchi katikati.

Halafu mtoto akalia, kwa hasira, kilio kizima cha mapafu mazima, na Inspekta akakaa chini sakafuni kando yake.

Mkuu wa kituo alifika na kamba zake alipokuwa bado amekaa pale. Aliliangalia benchi. Akaliangalia jiwe lililokatika, rangi yake nyeupe bila doa na tumbo lake la unga. Alivua kofia, akasahau kuirudisha.

"Sasa nimkamate nani?" aliuliza, na safari hii hakuwa akikejeli.

"Kwanza mwachie fundi," alisema Inspekta. "Huyo mwingine hakimbii. Bomba lake la moshi unaliona ukisimama hapo ulipo."

Mkuu aligeuka. Juu ya mapaa, katikati ya mvua, moshi ulikuwa ukipanda kama kawaida.

Walipitia mlango wa pembeni, Inspekta mwenyewe akiwa amembeba mtoto. Mama yake alikuwa bado amesimama uani, amelowa chapa, kikapu mkononi. Hakuuliza habari za benchi. Alitaka kujua kama mzazi ni mzima, akaambiwa ni mzima, akaangua kilio kidogo na kukimaliza. Kisha akauliza ni wa kike au wa kiume, na Inspekta akagundua kwamba katika mkanganyiko wote ule hakuna aliyekumbuka kuangalia.

Mama yake alicheka, akanyoosha mikono kumpokea. Tone moja likamwangukia mtoto kwenye paji la uso. Bibi alilitazama lile tone, akatazama ule unga uliokauka kwenye mkono wa sare ya Inspekta, binti yake, na kicheko kikakoma.

"Mfunike," alisema. "Mfunike haraka, mvua hii isimguse."